Uwanja kama Chuo cha Kwanza: Michezo ya Nje na Makuzi ya Mtoto Mdogo katika Eneo la Naipingo

1.0 Utangulizi

Katika matumizi ya kila siku ya Kiswahili, neno "mchezo" hubeba dharau kidogo. Msemaji anayetaka kuonyesha uzito wa jambo husema kwamba jambo hilo "si mchezo", na mtoto anayerejea nyumbani jioni miguu imejaa vumbi huulizwa alikuwa "anachezacheza" wapi. Urudufishaji huo wa kitenzi unatosha kudokeza kwamba kwa mkubwa anayeuliza, saa zile za uwanjani zimepotea bure. Hata hivyo, lugha hiyo hiyo ina methali isemayo "mcheza kwao hutuzwa", ambamo kucheza ni kazi ya hadhara inayostahili tuzo. Kiswahili hakitengi kucheza ngoma, kucheza bao na kucheza mpira. Vyote hubebwa na kitenzi kimoja, na vyote hudai ujuzi.

Makala haya yanajadili thamani ya michezo ya nje katika makuzi ya mtoto mdogo, yaani mtoto tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka 8, kwa kurejelea eneo la Naipingo katika ukanda wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Hoja kuu ni kwamba uwanja wa michezo ni chuo cha kwanza cha mtoto, na kwamba somo kubwa linalofundishwa humo ni lugha ya kupatana: jinsi ya kupendekeza, kukubali, kukataa, kudai haki na kungoja zamu. Faida za mwili na za akili zinajulikana zaidi na zitaelezwa kwa kifupi. Ile ya lugha haijapewa nafasi inayostahili, ingawa ndiyo inayowahusu moja kwa moja wataalamu wa Kiswahili.

2.0 Mazingira ya Naipingo

Eneo linalozungumziwa ni la wakulima wa korosho, ufuta, muhogo, mtama na mbaazi. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na maisha ya watoto hufuata msimu huo. Wakati wa kilimo familia nyingi hushinda shambani, na watoto wadogo huandamana na wazazi wao. Huko huchezea kando ya dungu wakati wakubwa wakilinda mazao dhidi ya nguruwe na nyani. Kiangazi, mavuno yakishaingia, uwanja wa nyumbani na kivuli cha mwembe au mkorosho huwa makao ya michezo mchana kutwa, na mbalamwezi huiongeza hadi usiku.

Kwa upande wa lugha, Kimwera kina wasemaji wengi katika wilaya hizi mbili, lakini hakiko peke yake. Kimakonde, Kiyao, Kimakua na Kingindo husikika pia, na Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi na ya mawasiliano mapana. Historia imezidisha mchanganyiko huo. Mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni ya Uingereza, ulioanza nchini mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uliifanya Nachingwea kuwa mojawapo ya vituo vyake vitatu vikuu pamoja na Kongwa na Urambo. Mradi ulivutia vibarua kutoka pande mbalimbali na ulijengewa reli iliyotoka Mtwara. Baadaye, katika miaka ya 1960 hadi 1975, Nachingwea ilikuwa na kambi ya mafunzo ya wapigania uhuru wa Msumbiji wa chama cha FRELIMO. Kwa hiyo watoto wa eneo hili wamekulia kwa vizazi kadhaa mahali ambapo jirani huweza kuwa na lugha nyingine ya nyumbani.

Jambo hili lina uzito katika mjadala wa michezo. Ndani ya nyumba mtoto husikia lugha ya wazazi wake. Darasani husikia lugha ya mwalimu, na mara nyingi husikia zaidi kuliko anavyosema. Uwanjani hukutana na watoto wa nyumba nyingine wenye umri tofauti na wake, naye hulazimika kusema ili akubaliwe kuingia mchezoni.

3.0 Dhana ya Mchezo katika Taaluma

Wataalamu kadhaa wamejaribu kueleza mchezo unamfanyia nini mtoto. Jean Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu maadili ya mtoto, aliwachunguza watoto wa Uswisi waliokuwa wakicheza gololo. Aliona kwamba mtoto mdogo huzitazama kanuni za mchezo kana kwamba zimeletwa na wakubwa na haziwezi kuguswa, ilhali mtoto aliyekua huzielewa kuwa ni mapatano ya wachezaji, yanayoweza kubadilishwa wote wakiridhia. Lev Vygotsky, katika mhadhara wake wa mwaka 1933, alitilia mkazo mchezo wa kuigiza. Kwa maoni yake, mtoto anayekifanya kijiti kuwa farasi anaanza kutenga maana na kitu, na hiyo ni hatua ya lazima kuelekea fikra dhahania na hatimaye maandishi.

Mitazamo hii miwili haipingani. Wa kwanza unaeleza jinsi mtoto anavyojifunza kwamba sheria hutungwa na watu, na wa pili unaeleza jinsi anavyojifunza kwamba ishara huwakilisha kitu kisichokuwapo. Yote mawili ni misingi ya lugha, kwa sababu lugha nayo ni mfumo wa ishara unaotegemea mapatano ya wanaoitumia.

Kwa upande wa Kusini mwa Tanzania, Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyezuru Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, aliona kuwa vifaa vya kuchezea vya watoto vilistahili kuelezwa na kukusanywa. Katika kitabu chake cha mwaka 1908 vinatajwa sambamba na zana za wakubwa. Kumbukumbu hiyo, ingawa ina mtazamo wa kikoloni wa wakati wake, inaonyesha kwamba utamaduni wa watoto wa ukanda huu uliwahi kuonekana kuwa mada ya utafiti.

4.0 Kazi ya Michezo ya Nje

4.1 Mwili na afya

Mtoto anayekimbia, kupanda mti, kuruka mtaro na kubeba mchanga hujenga misuli mikubwa na uwiano wa mwili. Anayefinyanga udongo, kufuma ukuti au kutoboa kifuniko cha chupa ili kupata gurudumu la gari lake hujenga misuli midogo ya vidole, ile ile atakayoihitaji kushika kalamu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilipendekeza kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 4 apate angalau dakika 180 za shughuli za mwili kila siku, na kwamba kwa mtoto wa miaka 3 na 4 dakika 60 kati ya hizo ziwe za nguvu ya wastani au zaidi. Kwa mtoto wa kijijini aliyeachiwa uwanja, kipimo hicho si kigumu kufikiwa. Kwa mtoto anayekaa kwenye dawati au mkekani asubuhi nzima, hali ni nyingine.

Mwanga wa nje nao una kazi yake. Utafiti uliofanywa Guangzhou, Uchina, na kuchapishwa mwaka 2015, uliwaongezea wanafunzi wa darasa la kwanza dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 ya watoto hao walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, ikilinganishwa na asilimia 39.5 ya wenzao ambao hawakuongezewa muda. Tofauti hiyo ilipatikana bila dawa wala kifaa chochote.

4.2 Hesabu na mantiki

Mchezo wa mdako unafaa kutolewa mfano. Mchezaji hurusha kijiwe juu, na kabla hakijaanguka huchota kokoto kutoka kishimoni. Hukidaka kijiwe, hukirusha tena, kisha huzirudisha kokoto zote isipokuwa moja. Akishazimaliza mojamoja, huendelea kwa mbilimbili, kisha tatutatu. Mtoto anayecheza mdako hugawanya idadi katika mafungu na kuona mabaki kwa macho yake, huku mkono ukienda sambamba na wakati. Mwalimu wa hisabati atakapomfundisha kugawanya, atampa jina la jambo ambalo vidole vyake vimelizoea.

4.3 Lugha

Hapa ndipo kiini cha mjadala. Yafaa kutenga mambo matatu.

La kwanza ni sarufi. Katika mchezo wa baba na mama, kabla ya chungu cha kifuu kuinjikwa, watoto hugawana nafasi: "Wewe uwe mama, mimi niwe mgonjwa, huyu awe daktari." Kauli za aina hii hutumia dhamira tegemezi katika nafsi zote tatu, na kila mtoto ana sababu ya kuzielewa sawasawa, maana asiyeelewa hukosa nafasi. Papo hapo huja viambishi vya udogo: kijumba, kijungu, kigari, na vitenzi vilivyorudufiwa, kama vile kupikapika na kujengajenga, ambavyo hutofautisha tendo la mchezo na tendo halisi. Gunzi la hindi lililofungwa kitambaa huitwa mtoto, na upatanisho wa ngeli hufuata: gunzi hilo "analia" na "amelala", wala si "linalia" au "limelala". Mtoto amehamisha kitu kutoka ngeli moja hadi nyingine kwa nguvu ya maana aliyokipa. Ndivyo hoja ya Vygotsky inavyojidhihirisha katika sarufi ya Kibantu.

La pili ni msamiati. Maneno kama zamu, kususa, kudhulumu, kuingia na kutoka hupata maana yake kamili uwanjani. Mtoto hawezi kufasili neno "zamu", lakini anajua uchungu wa kunyang'anywa zamu. Katika rede, ambapo wachezaji wawili hurusha mpira wa matambara huku aliye katikati akijaza mchanga chupani na kuukwepa mpira, aliyepigwa husemwa kwamba "amekufa", na mwenzake huweza kumwokoa. Sitiari hii ya kifo na wokovu hutumiwa na watoto wa miaka mitano bila kufundishwa. Aidha, mchezo wenyewe hubadili jina na baadhi ya kanuni kulingana na mahali: rede kwa wengi wa Tanzania bara, nage kwa baadhi ya watu wa pwani, na kati nchini Kenya. Mtafiti wa lahaja anayo hapa hazina ambayo kamusi moja haiwezi kuimaliza.

Jina la mchezo wa kombolela nalo linastahili kuangaliwa. Mtafutaji hufumba macho na kuhesabu, wengine hujificha. Atakayewahi kituoni kabla ya kukamatwa huwakomboa waliokwisha kukamatwa. Kiini cha mchezo ni kukomboa, na jina linaelekea kutokana na mzizi huo huo. Lakini umbo la kutendea la kitenzi komboa katika Kiswahili sanifu ni kombolea. Umbo "kombolela" limebakiza sauti /l/ ambayo Kiswahili kimeidondosha katika mazingira hayo na ambayo lugha nyingi jirani za Kibantu zimeihifadhi. Uwezekano uliopo ni kwamba watoto wameikopa kutoka lugha jirani, au wamehifadhi umbo la kale. Kwa vyovyote vile, neno linalopigiwa kelele jioni uwanjani lina ushahidi wa historia ya lugha ndani yake.

La tatu ni matumizi ya lugha katika kupatana. Mchezo usio na mwamuzi huvunjika mara kwa mara. Mmoja hudai hakuguswa na mpira, mwingine hudai aliguswa, mwenye mpira hutishia kuondoka nao, mdogo hususa. Ili mchezo uendelee, lazima maneno yapatikane: kumbembeleza aliyesusa, kumtaja shahidi, kukumbusha kanuni iliyokubaliwa, au kutoa fidia kwa kumruhusu mtu arudie. Mtoto wa miaka minne husikiliza haya kutoka kwa mtoto wa miaka saba, na baada ya muda naye huyatumia. Pale ambapo watoto wana lugha tofauti za nyumbani, mapatano haya huwalazimisha kutafuta lugha wanayochangia. Hivyo Kiswahili huingia kwa mtoto kikiwa chombo cha kudai haki yake, kabla hakijawa somo la kukaririwa.

5.0 Mipaka na Hatari za Uwanja

Itakuwa kosa kuusifu uwanja kana kwamba hauna madhara. Minyoo ya safura na funza huingia kwa miguu isiyo na viatu. Mbu wa malaria huuma wakati ule ule wa mbalamwezi ambapo michezo hunoga. Nyoka hujificha kwenye majani makavu ya mikorosho. Pikipiki za abiria zimeongeza ajali katika njia zilizokuwa salama, na mashimo ya wachimbaji wadogo wa madini, hasa upande wa Ruangwa, ni mitego kwa mtoto asiyetazamwa. Hoja ya kumwacha mtoto acheze nje haiwezi kutenganishwa na wajibu wa wakubwa wa kufyeka, kufukia na kuangalia.

Tena uwanja hauwapokei wote kwa usawa. Msichana huitwa mapema zaidi kuteka maji au kubeba mdogo wake mgongoni, na mara nyingi hucheza huku akiwa mlezi. Mtoto mwenye ulemavu huweza kuachwa pembeni, au kupewa nafasi ya kudumu ya mtazamaji. Mchezo wenyewe hauondoi ubaguzi huu; huweza hata kuufunza. Kwa sababu hiyo mkubwa anayepita uwanjani ana kazi ya kufanya, ingawa kazi hiyo si ya kuamuru kila hatua. Neno lake moja la kuwauliza watoto watabadilije kanuni ili mwenzao asiyekimbia naye acheze, huwapa somo la Piaget kwa njia ya vitendo: kanuni ni mapatano, na mapatano yanaweza kufanywa upya.

Yafaa pia kutofautisha mchezo huru na michezo ya mashindano. Ruangwa ina fahari ya timu ya soka ya Namungo, iliyoingia Ligi Kuu ya Tanzania Bara msimu wa 2019/20, na hapana shaka watoto wengi huiga wachezaji wake. Lakini mtoto mdogo aliyepangiwa namba, kocha na filimbi amepunguziwa ile kazi ya kutunga kanuni na kuamua ugomvi. Michezo ya aina hiyo ina wakati wake. Kwa mtoto wa umri unaojadiliwa hapa haiwezi kuchukua nafasi ya kombolela.

6.0 Uwanja na Darasa

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilirasimisha elimu ya awali kwa watoto wa miaka 5 na 6. Sera ya mwaka 2014 iliifanya kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja, na kuanzia Januari 2016 ada na michango ya lazima iliondolewa katika shule za umma. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulitaka watoto wajifunze kupitia michezo, na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, ilisisitiza makuzi ya mtoto kwa ujumla wake. Kwa maandishi, basi, mchezo umekwisha kukubaliwa. Tanzania pia iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao kifungu chake cha 31 kinautaja mchezo kuwa haki.

Tatizo liko katika utekelezaji. Darasa la awali lenye watoto wengi na mwalimu mmoja huvuta kuelekea ukimya: mwalimu hutamka, watoto huitikia kwa pamoja, kisha hunakili herufi. Mzazi naye hupima maendeleo kwa daftari. Daftari lililojaa humridhisha, na mtoto aliyerudi na vumbi humtia shaka. Katika hali hiyo mtoto wa Naipingo huweza kutumia mwaka mzima akiitikia Kiswahili bila kupata nafasi ya kukitumia kupendekeza, kupinga au kubembeleza. Hujua herufi za neno "zamu" na kukosa fursa ya kuitetea zamu yake.

Suluhisho halihitaji fedha nyingi. Shule nyingi za vijijini zina eneo la ardhi na miti ya kivuli. Kipindi cha nje kila siku, chenye mchanga, vifuu, kokoto na mpira wa matambara, humwezesha mwalimu kuligawa darasa kubwa katika vikundi vinavyojiendesha vyenyewe, na kumpa nafasi ya kusikiliza. Mwalimu anayesikiliza watoto wakigombana juu ya mdako atajua nani anamudu vitenzi vya masharti, nani bado anachanganya ngeli, na nani hasemi kabisa. Taarifa hiyo haipatikani katika daftari. Wazee wa kijiji nao wanaweza kualikwa kufundisha michezo waliyoicheza, pamoja na nyimbo zake za Kimwera, ili lugha ya nyumbani isiachwe mlangoni mwa shule.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba michezo ya nje humjenga mtoto mdogo kimwili na kiakili, na kwamba katika mazingira ya lugha nyingi kama ya Naipingo humfanya pia kuwa msemaji mwenye uwezo wa kupatana na wenzake. Yameonyesha vilevile kwamba uwanja una hatari na ubaguzi unaohitaji jicho la mkubwa, na kwamba sera zilizopo zinaukubali mchezo kuliko madarasa yanavyoutekeleza.

Kwa idara za Kiswahili kuna kazi mbili za kufanywa. Ya kwanza ni kukusanya na kurekodi majina, kanuni na kauli za michezo ya watoto, wilaya kwa wilaya, kabla wanaoikumbuka hawajaondoka. Fasihi ya watoto katika vyuo vyetu imetazamwa zaidi kwenye vitabu walivyoandikiwa na wakubwa kuliko katika yale wanayoyatunga wenyewe. Ya pili ni kuwaandaa walimu wa awali wanaojua kusikiliza lugha ya uwanjani na kuitambua kuwa ni lugha iliyokamilika katika kazi yake. Mtoto aliyejifunza chini ya mkorosho kumwambia mwenzake "hukunigusa, tuanze upya" amekwisha kuanza masomo. Inafaa shule iendelee kutoka hapo.